Mafundi watatu, bei tatu: paa langu ni la shilingi ngapi?

“Mtaalamu, nimejenga Kigamboni, nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 12. Lenta, mkanda wa zege wa juu ya kuta, ilimwagwa mwezi uliopita na nataka kupaua kabla ya masika. Nimeomba makadirio kwa mafundi watatu, na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilipoanza. Wa kwanza nilipewa namba yake na jirani. Aliniuliza ukubwa wa nyumba kwa simu, nusu saa baadaye akatuma ujumbe: ‘Bati geji 28, mbao, misumari na ufundi, 7,400,000, bei ya mwisho.’ Wa pili alikuja na futi kamba, akapanda ukutani, akaniandikia kurasa mbili kwa mkono: bati mita 230 kwa 20,000, mbao 3,300,000, kofia za kufunika mgongo na kona za paa, fisha bodi (ubao wa ukingoni), misumari na vidogovidogo 1,200,000, ufundi 1,800,000. Jumla 10,900,000. Wa tatu ni kampuni, walileta karatasi iliyochapwa yenye mhuri: 14,750,000, VAT ikiwa ndani, na humo wameweka mifereji ya maji ya mvua ya 1,150,000 kabla ya VAT. Wa kwanza anasisitiza nimtumie nusu ya pesa wiki hii kwa sababu bati zinapanda bei. Shemeji anasema siku zote chukua bei ya katikati. Kaka yangu aliye Muscat ndiye anayenichangia, na anauliza jambo moja tu: paa moja linakuwaje na bei mbili, tena moja mara mbili ya nyingine? Nimjibu nini? Na je, nikiacha paa la kuteremka pande nne nikaweka la pande mbili, nitaokoa bati?”

Dada yangu, mjibu kaka yako kwamba hilo si paa moja. Ni mapaa matatu yanayogombea nyumba moja: moja limekadiriwa kwa simu, moja limepimwa ukutani, na la tatu limefungashwa pamoja na mifereji na kodi. Mimi ni mkadiriaji majenzi, karatasi kama hizo zako ndizo ugali wangu, kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu. Baadaye tutafika kwenye bati lenyewe, maana huko ndiko pesa hupotelea bila mtu kusikia.

Tuanze na kampuni, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha. Ukitaka kujua VAT iliyofichwa ndani ya 14,750,000, usizidishe kwa asilimia 18. Wengi wanakosea hapo. Gawa kwa 1.18. Unapata 12,500,000, na 2,250,000 iliyobaki ndiyo VAT. Sasa toa mifereji, ambayo fundi wa pili hakuihesabu kabisa: ni 1,150,000, na ukiiongezea VAT yake inakuwa 1,357,000. Paa tupu la kampuni, bila mifereji, ni 13,393,000. Kati ya hapo na 10,900,000 ya fundi wa pili kuna 2,493,000. Na katika hiyo, 2,043,000 ni VAT ya paa. Kinachobaki kama tofauti halisi ya kazi na kazi ni 450,000.

Sisemi VAT ni pesa ya hewani. Inatoka mfukoni mwako, na wewe si mfanyabiashara wa kuirudishiwa. Ila kuna swali unalotakiwa kuwauliza kampuni kabla hujawaogopa wala kuwapenda: bei zao za vifaa, zile za kila mita ya bati na kila ubao, ni kabla ya VAT au ni bei za dukani? Bati la 20,000 ulilonunua dukani kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tayari lina VAT ndani yake. Bila VAT ni kama 16,950. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT hurudishiwa VAT iliyolipa kwenye manunuzi. Ikiwa wamechukua bei ya dukani kama ilivyo, wakajumlisha, kisha wakaongeza asilimia 18 juu ya yote, wewe unalipia kodi juu ya kodi. Mara nyingine ni hila, mara nyingine ni karani aliyenakili orodha ya bei bila kufikiri. Uliza kwa upole, kwa maandishi, na usubiri karatasi mpya. Nimeona karatasi nyingi zikirudi zimepungua uzito baada ya swali hilo moja.

Fundi wa kwanza sasa. Yeye aliuliza ukubwa wa nyumba, ukamwambia 10 kwa 12, naye akapiga hesabu ya mita za mraba 120. Lakini paa haliishii kwenye ukuta. Linatoka nje kufanya upenu, na linapanda kwa mshazari. Chukua upenu wa sentimita 60 kila upande: 10 inakuwa 11.2, na 12 inakuwa 13.2. Hizo peke yake ni mita za mraba karibu 148, kama ungetandaza bati chini kama mkeka. Sasa liinue kwa nyuzi 25, mwinuko wa kawaida kwa nyumba zetu, unafika 163. Kutoka 120 hadi 163 ni zaidi ya robo ya paa ambayo haimo kwenye ule ujumbe wa simu.

Ukigawa 163 kwa upana ambao bati moja linafunika baada ya kupandana na jirani yake, tuseme sentimita 80, unapata mita 204. Kwenye paa la pande nne mimi huongeza asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya vipande vinavyokatwa kwenye kona. Hapo unaangukia kati ya mita 224 na 235. Mita 230 za fundi wa pili zimo humo humo. Yule hakubahatisha, alipanda ukutani akapima.

Je, wa kwanza ni tapeli? Huenda si tapeli. Kuna mafundi wazuri sana wa mikono ambao hawajui kukadiria, wanataja bei wanayodhani mteja ataikubali, wakiamini mbele ya safari mtaelewana. Tatizo ni hiyo mbele ya safari. Kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zimesimama, nusu ya paa imefunikwa, wingu limetanda juu ya bahari, na fundi anakuja na sauti ya chini: “Mama, bati zimepelea.” Wakati huo huna nguvu ya kubishana. Angalia pia alichoorodhesha: bati, mbao, misumari, ufundi. Kofia hazimo. Paa lako la pande nne, kwa vipimo vile, lina mgongo wa juu wa mita 2 tu, lakini kona nne zinazoteremka ni kama mita 8.3 kila moja. Jumla mita 35 na kitu za kofia. Kwa kofia za mita 3 zinazopandana sentimita 15, unahitaji 13. Fisha bodi nayo haimo.

Ushauri wa shemeji wa kuchukua bei ya katikati naujua, hata kwenye ofisi za watu wakubwa unatumika. Safari hii umeangukia pazuri kwa bahati. Lakini ungewaita mafundi wengine wawili wa kwenye simu, kila mmoja akataja milioni 7, bei ya katikati ingehamia 7,400,000, na shemeji angekuambia uchukue hiyo hiyo. Katikati ya namba haikuambii chochote kuhusu paa.

Tuje kwenye “geji 28”. Maneno hayo mawili yamo kwenye ujumbe wa fundi wa kwanza, na yanaweza kumaanisha bidhaa tatu. Geji ni kipimo cha unene, na inahesabiwa kinyumenyume: namba ikiongezeka, bati linakuwa jembamba. Geji 28 inatakiwa kuwa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3. Tofauti hiyo jicho halilioni, hasa bati likiwa na rangi. Mizani inaiona. Bati la mita 3 lililotengenezwa kwa koili (roli la bati bapa) ya upana wa mita 1 kabla ya kukunjwa litakuwa na uzito wa karibu kilo 9 likiwa 0.4, na karibu kilo 7 likiwa 0.3. Uliza kiwandani upana wa koili, omba bati moja liwekwe kwenye mizani mbele yako. Muuzaji asiye na la kuficha hatakasirika. Kwenye karatasi ya makadirio, badala ya “geji 28”, dai iandikwe milimita, pamoja na nembo ya TBS, jina la kiwanda na aina ya bati. Neno geji peke yake ni kama kusema “kitambaa kizuri”.

Na kwako wewe unene ni nusu tu ya habari, kwa sababu uko Kigamboni. Bati ni chuma, na chuma kinalindwa na ngozi nyembamba iliyopakwa kiwandani. Mabati mengi mazuri tunayouziwa siku hizi yana ngozi ya mchanganyiko wa aluminiamu na zinki: aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43 na ushee, na silikoni kidogo. Aluminiamu inafanya kazi ya ukuta, inazuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Zinki inafanya kazi ya kujitoa: mahali palipokwaruzwa, inaliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma. Unene wa ngozi hiyo unatajwa kwa gramu katika kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. AZ150 maana yake gramu 150. Mabati mawili ya milimita 0.4, moja lenye gramu 150 na jingine lenye nusu yake, yatakaa dukani kama mapacha. Baada ya miaka kadhaa ya upepo wa bahari hayatafanana tena. Kwa hiyo swali lako la pili kwa kila fundi: ngozi ni gramu ngapi? Wengi watakukodolea macho. Kiwandani wanajua.

Kuna jambo watu wa pwani hawaliamini mpaka walione. Sehemu ya bati inayoliwa mapema na chumvi mara nyingi si ile inayopigwa na mvua, ni ile iliyojificha chini ya upenu. Mvua huosha chumvi juu ya paa. Chini ya upenu chumvi inatua, inatulia, inanyonya unyevu usiku, na hakuna wa kuisuuza. Mpira wa maji baridi mara chache kwa mwaka, kwenye kingo na chini ya upenu, ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote ninayoyafahamu. Na kampuni ikikupa dhamana ya miaka kadhaa, soma kama dhamana hiyo inahusu nyumba iliyo karibu na bahari, maana mara nyingi maandishi madogo yanakomea kwenye mchanga wa ufukweni.

Mafundi wenyewe huliua bati siku ya kwanza. Ukisikia grinda inalia juu ya paa, shuka garini haraka. Grinda inachoma ile ngozi kwenye mstari wa kukata, na cheche zake ni vumbi la chuma cha moto linalonata juu ya bati zima. Mvua ya kwanza, paa jipya lina madoa ya kutu kama ugonjwa wa ngozi. Bati linakatwa kwa mkasi wa bati. Ni kazi ya taratibu, ndiyo maana wanaikwepa. Saruji mbichi nayo inaila aluminiamu. Kama fundi ujenzi bado anapiga lipu ya ukuta unaoinuka juu ya paa, afunike bati au aoshe papo hapo.

Mbao. Hapa karatasi ya fundi wa pili imenipa wasiwasi kidogo: ameandika “mbao 3,300,000” kwa mstari mmoja. Nataka idadi na saizi: 2x6 ngapi, 2x4 ngapi za kenchi, 2x2 ngapi za papi zinazobeba bati, urefu futi ngapi, na zimetiwa dawa au la. Mbao nyingi za Dar es Salaam zinashuka kutoka Mafinga na Njombe, ni za paina, miti inayokua haraka. Paina bila dawa ni chakula cha mchwa. Rangi ya kijani kwa nje haithibitishi chochote. Kuna wanaopaka rangi, na kuna wanaopaka oili chafu ya gari wakaita dawa. Kata ubao mmoja katikati, uangalie ndani. Dawa iliyosukumwa kwa mtambo inaingia kwenye nyama ya ubao, unaiona ikiwa na kina kutoka kingoni kwenda ndani. Iliyopakwa kwa brashi inaishia kwenye ganda. Lipia huo ubao mmoja, ni shule ya bei nafuu. Halafu mbao zenye dawa ya kijani ziachwe zikauke kwanza: dawa hiyo ina shaba, na shaba ikiwa na unyevu inagombana na ngozi ya bati. Kwa karibu na bahari mimi huomba kipande cha nailoni nzito kiwekwe juu ya papi, kati ya ubao na bati.

Umesema lenta ilimwagwa mwezi uliopita. Hapo nina swali ambalo hakuna karatasi yako hata moja inayoligusa. Je, waliacha nondo au mikanda ya chuma imechomoza juu ya lenta, ya kukamatia wolpleti, ule ubao unaolala juu ya ukuta? Watu hudhani upepo unalisukuma paa. Upepo unalinyonya. Ukipita juu kwa kasi unavuta bati kwenda juu, na wakati huo huo ule unaoingia chini ya upenu unalibinua kutoka chini. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo na kwenye kona, ndiyo maana paa huanza kufunuka pembeni, kama mtu anavyofungua bahasha. Uko upande ambao kusi inaingia moja kwa moja kutoka baharini, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha sote kwamba vimbunga si habari za Msumbiji peke yake. Mnyororo ni huu: bati limeshikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na wolpleti, wolpleti na lenta. Pete moja ikilegea, bati la gharama yoyote linaruka nalo. Kama hawakuacha vyuma, bado inawezekana kutoboa zege na kufunga bolti maalumu, lakini iandikwe na ilipiwe. Ni bora uilipie sasa kuliko ujifanye huijui.

Skrubu au misumari? Skrubu yenye raba. Msumari unalegea kadiri bati linavyotanuka mchana na kusinyaa usiku. Kingoni na kwenye kona skrubu ziongezwe.

Suala la pande nne au mbili ndilo lililonifanya nicheke, si kwa kukudharau, bali kwa sababu nimelisikia kwenye kila kiwanja. Ukubwa wa bati ni uleule. Kwa mwinuko uleule na upenu uleule, mita za mraba 163 zinabaki 163, iwe pande mbili au nne. Unachookoa ni vipande vya kona, na kofia: badala ya mita 35 utatumia 13. Lakini paa la pande mbili linakudai pembetatu mbili za ukuta, kila mwisho wa nyumba. Kwa nyumba yako, kila pembetatu ina mita za mraba karibu 11.7, mbili zinafika 23 na ushee, yaani zaidi ya tofali 200, pamoja na saruji, lipu na rangi. Ukizijumlisha hizo, akiba inayeyuka. Na kwenye upepo wa baharini, paa la pande nne linatulia vizuri zaidi kwa sababu halina ukuta mpana wa kupigwa kifua. Kama unalipenda, liache. Ukitaka kubana matumizi, cheza na mwinuko: nyuzi 15 zingekupa mita za mraba 153, nyuzi 30 zingekupa 171. Nyuzi 15 zinahitaji mabati yapandane vizuri, la sivyo mvua ya upepo inarudi nyuma na kuingia, kwa hiyo mimi ningebaki hapo hapo penye 25 au nikashuka hadi 20.

Sasa yule anayetaka nusu ya pesa wiki hii. Kwamba bati linaweza kupanda bei ni kweli. Chuma cha koili kinaagizwa nje kwa dola, shilingi ikiyumba nalo linayumba. Lakini huwezi kununua bati kabla kenchi hazijasimama. Bati linakatwa kiwandani kwa urefu wako, na likishakatwa hakuna wa kulirudisha. Nyumba yangu ya kwanza, Tabata, mimi mwenye shahada ya kuhesabu, niliagiza kutoka kwenye ramani ili niwahi bei. Fundi alikuwa ameinua kenchi juu kidogo kuliko mchoro. Mabati yalikuja mafupi kwa sentimita 20, upenu ukawa kama suruali ya mwanafunzi aliyerefuka likizoni. Nimekaa chini ya upenu huo miaka yote. Kwa hiyo: mbao kwanza, kenchi zisimame, mshazari upimwe kwa futi kamba, ndipo bati liagizwe. Viwanda vingi vina watu wa kuja kupima kwenye kiwanja. Watumie, ukijua kwamba wanahesabu bati lao tu, si mbao wala bolti za lenta. Na mabati yakifika mapema, yasirundikwe nje yakiwa na unyevu katikati. Yanaota kutu nyeupe yakiwa bado kwenye rundo.

Pesa ya vifaa peleka mwenyewe kiwandani na kwenye duka la mbao, uchukue risiti ya EFD kwa jina lako. Fundi akikuambia atakununulia kwa bei rafiki, fahamu kwamba maduka mengi humpa fundi cha juu. Sioni aibu kusema hivyo, ni sehemu ya mshahara wake isiyoandikwa. Ukimnyang’anya cha juu halafu ukambania na ufundi, atakirudisha kwa njia nyingine, mara nyingi kwa kupunguza skrubu. Mlipe ufundi wa haki: kiasi kidogo cha kuanzia, kingine kenchi zikisimama na wewe ukiziona, kingine bati likiisha kupigwa, na kipande cha mwisho kibaki mpaka paa limwagiwe maji kwa mpira au mvua ya kwanza inyeshe. Yaandikwe, na mwenyekiti wa mtaa au jirani mtu mzima awe shahidi. Kwa kampuni, angalia usajili wake Bodi ya Usajili wa Makandarasi kabla hujaweka saini. Kwa fundi wa mtaani, omba kuona paa alilopiga miaka mitatu au minne iliyopita, siyo la mwezi jana. Ongea na mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo.

Kabla ya hayo yote, andika karatasi yako mwenyewe ya ukurasa mmoja. Vipimo vya nyumba, upenu sentimita 60, mwinuko nyuzi 25, pande nne. Bati: milimita, gramu za ngozi, kiwanda, rangi. Mbao: saizi, dawa, umbali kati ya kenchi na kenchi na kati ya papi na papi. Wolpleti inavyofungwa kwenye lenta. Skrubu. Kofia, fisha bodi. Mifereji iwe mstari wake peke yake, ili uiondoe au uiache bila kuvuruga mengine. Usafiri, nani anamlisha fundi mchana, nani anabeba mabaki, VAT, na bei inadumu siku ngapi. Toa nakala tatu, wape wote watatu, wajaze bei kwenye karatasi yako. Hapo kaka yako atalinganisha akiwa Muscat bila hata kuiona nyumba.

Yako mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa barua. Ikiwa sebule yako ni pana na haina ukuta wa kupumzishia kenchi katikati, ikiwa lenta ina nyufa, ikiwa unafikiria kuficha paa nyuma ya ukuta kama nyumba za kisasa, au unataka kuweka simtanki juu ya dari, basi muite mhandisi aje asimame pale kabla ya ubao wa kwanza kununuliwa. Lita 1,000 za maji ni tani nzima juu ya vichwa vya watoto wako. Mkaguzi wa majengo wa manispaa pia ana haki ya kuiona kazi, na mara nyingi anajua ni kiwanja gani cha jirani kilichoezuliwa na kwa nini. Gharama ya kumleta mkadiriaji kwa siku moja akapime na kuandika ile karatasi huenda ikawa ndogo ukiilinganisha na ile 450,000 tuliyokuwa tunaitafuta.

Mimi, kwa niliyoyaona kwenye swali lako, ningeanza na fundi wa pili: arudi na mchanganuo wa mbao, atuambie bati lake ni milimita ngapi na gramu ngapi, na aseme wolpleti ataifungaje. Kampuni ningewabakiza mezani mpaka wajibu lile swali la VAT. Na yule wa kwanza mpe naye karatasi, usimfungie mlango kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu. Akija na ngazi akapima, bei yake itapanda, na huenda bado ikawa nzuri kuliko zote. Akikujibu tena kwa simu kwamba ni 7,400,000, bei ya mwisho, mshukuru, umwambie umeshapata fundi.